Kuipa programu kipaumbele cha wakati halisi kwa amri ya chrt

Nimeandika hatua hizi baada ya kumsaidia kijana anayerekodi kaswida kwa kompyuta ya Linux, ambaye sauti yake ilikuwa ikikatika kila alipofungua kivinjari. Programu yenye kipaumbele cha wakati halisi hupewa kichakataji kabla ya zile za kawaida, na amri ya chrt ndiyo inayoipa kipaumbele hicho.

Hatua ya 1. Tafuta namba ya mchakato, yaani ya programu inayoendeshwa, kwa `pidof` ikifuatwa na jina la programu. Katika mfano huu ni 2481.

Hatua ya 2. Andika:

`sudo chrt -f -p 40 2481`

Kipaumbele hutangulia namba ya mchakato. Alama ya `-f` huchagua SCHED_FIFO, utaratibu wa kugawa kichakataji ambao aliyekipata huendelea nacho bila kikomo cha muda, na ndio ninaoupendelea kwa kazi za sauti. Ukiisahau, chrt huchukua SCHED_RR, ambao wenye kipaumbele sawa hupokezana kwa zamu. Vipaumbele ni 1 hadi 99, lakini sishauri kupita 40, kwa kuwa keneli (kiini cha mfumo wa Linux) inayohudumia vifaa kwa nyuzi, yaani mikondo ya kazi inayopangiwa kichakataji kila mmoja peke yake, huziweka nyuzi hizo kwenye 50, na programu ya kurekodi haipaswi kuitangulia kadi ya sauti ambayo yenyewe huitegemea.

Hatua ya 3. Hapa ndipo tulipopoteza jioni nzima. `chrt -p 2481` ilithibitisha SCHED_FIFO na 40, na bado sauti ikakatika, kwa sababu programu moja huweza kuwa na nyuzi nyingi za utekelezaji, na amri ya hatua ya 2 hubadilisha uzi mkuu peke yake, ambao mara nyingi hushughulikia dirisha na vitufe tu. Zitazame zote:

`ps -L -o tid,cls,rtprio,comm -p 2481`

FF ni FIFO, TS ni utaratibu wa kawaida. Ukiongeza `-a` kwenye chrt utazibadilisha zote, ila mimi siipendi njia hiyo: uzi wenye hesabu nzito, kama wa kubana video, ukiingia FIFO hauachii kichakataji mpaka usubiri kitu au uje wenye kipaumbele cha juu zaidi, na kompyuta huweza kuganda. Afadhali uchukue namba ya uzi wa sauti kwenye safu ya TID na uipe chrt hiyo badala ya 2481. Kumbuka kwamba baadhi ya programu huunda uzi mpya wa sauti kila unapoanza kurekodi, hivyo anza kurekodi kwanza, ndipo utoe amri.

Hatua ya 4. Ukitaka kurudisha hali ya kawaida bila kuifunga programu:

`sudo chrt -a -o -p 0 2481`