Nguzo ya sanduku la barua: pima kuanzia kwenye lami, sio kwenye majani

Nyumbani tumezoea S.L.P., sanduku liko posta na ufunguo anao mzee, sasa ukipata nyumba yako huku Marekani, hasa nje kidogo ya mji, unakuta barua zinaletwa na gari mpaka barabarani na nguzo ikioza ni juu yako. Mi nimejenga mara mbili. Ile ya kwanza nilipima urefu kuanzia kwenye majani, na majani yangu yako chini ya barabara inchi kama 5 hivi, basi mleta barua kila siku anainama dirishani kama anachungulia kisima, mwisho akaniachia kikaratasi nirekebishe.

Kwa hiyo anzia kwenye lami. Kitako cha sanduku kiwe inchi 41 hadi 45 juu ya lami, mlango ukae nyuma inchi 6 hadi 8 kutoka ukingo wa barabara. Yule jamaa hashuki bana, gari yake usukani uko kulia (ndio, kama Bongo) anatumbukiza tu kwa mkono.

Kabla hujagusa koleo piga 811, namba ya kuonyeshwa nyaya na mabomba yaliyofukiwa, siku chache kabla, ni bure. Wanakuja kupuliza rangi kwenye majani, nyekundu umeme, njano gesi, buluu maji. Usijiambie eti shimo lenyewe dogo.

Mbao nunua 4x4 ya futi 8 iliyotiwa dawa, na soma kile kikaratasi kilichopigwa pini kwenye ncha kiseme ni ya kufukiwa ardhini, maana kuna ya juu juu tu. Ukiipima utakuta inchi 3 na nusu, hujaibiwa, ndivyo zinavyouzwa. Kata inchi 66 iwe nguzo, 30 zinazobaki ndo mkono, yaani ule mti wa kulala unaobeba sanduku. Kama majani yako yako chini kama yangu, ongeza tofauti kwenye nguzo, mkono upungue.

Kuunga ndo kazi yenyewe. Juu ya nguzo na kwenye mkono unachonga nusu kwa nusu, inchi 1 na robo tatu kila mmoja, zikilaliana ziwe bapa. Seti msumeno wa umeme kina hicho, pitisha mistari mingi iliyobanana, vile vibao vyembamba vinavyobaki vigonge na nyundo vinakatika kama biskuti, halafu patasi. Weka gundi ya nje, skrubu 4 zisizoshika kutu, na kibao cha mshazari chini ya mkono. Vipande vilivyobaki usichomee nyama, ile dawa ni sumu.

Shimo inchi 28, kokoto inchi 4 chini maji yapenye, nguzo izame 24, isizidi hapo. Weka pima maji pande mbili, mimina zege kavu la kushika haraka, mwagia maji, nusu saa limeshika ila subiri masaa 4 kabla hujapachika sanduku. Na achana na wazo la bomba la chuma lililojazwa zege, gari likiteleza kwenye theluji likalivaa mtu anakufa.

Sanduku lenyewe kwa chini lina uwazi, kata kibao kiingie humo ndani, kipigilie kwenye mkono kwanza, ndo uvishe sanduku juu na kufunga skrubu za pembeni.