Talaka Texas: siku 60 sio zako, zako ni 20

Jamani naandika nikiwa nishaumia, kwahiyo nikirudia rudia jambo moja mnivumilie, hilo ndo lililonimaliza.

Jumatano tarehe 5 Machi 2025 natoka shifti, kuna kijana kanisubiri paking, akaniuliza jina, akanipa bahasha, akanitakia siku njema. Huku mtu anakuletea msiba na tabasamu juu, mpaka leo sijazoea. Kufungua, mke wangu kaomba talaka. Nikaulizia kwa wenyeji, jamaa mmoja akanambia usihofu, Texas kuna siku 60 za kusubiri, hakimu havunji ndoa kabla ya hapo. Na ni kweli, labda kama kuna kesi ya ukatili wa kifamilia. Ila mimi nikaelewa nina siku 60 za kujibu. Shimo lenyewe ndo hilo.

Zile 60 zinahesabiwa tangu kesi ifunguliwe na zinamfunga hakimu, wewe hazikuhusu. Wewe una siku 20 tangu ukabidhiwe karatasi, alafu Jumatatu inayofuata baada ya hizo 20 kuisha, saa nne asubuhi, majibu yako yawe mahakamani. Mimi 20 zangu ziliisha Jumanne tarehe 25, kwahiyo mwisho wangu ulikuwa Jumatatu tarehe 31 Machi saa nne. Siku hiyo saa nne nilikuwa nimelala, nimetoka naiti.

Na fomu yenyewe haina maajabu, inaitwa Answer, inapatikana bure kwenye tovuti ya TexasLawHelp, unaituma onlaini na kwa kawaida hulipii kitu. Hata ukichelewa, itume tu, maana kama hakimu hajasaini hukumu hawezi tena kuamua kana kwamba haupo. Tuma. Hata kama mnapatana, tuma. Hata kama yeye mwenyewe kakwambia achana nayo, tuma.

Mimi sikutuma kwasababu ya ndugu. Shemeji yangu wa Mwanza nampenda sana, mtu wa busara, lakini alishika simu akasema usiandike chochote, ukijibu utakuwa umeikubali talaka, ngoja wazee wakae. Mama mdogo nae akasema lazima mpite baraza la usuluhishi kwanza. Mama, hilo baraza ni la kwetu! Huku hamna barua ya baraza, hamna Bakwata, hamna sijui kuthibitisha ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika kwa kuleta mashahidi. Mmoja anasema tu hatuwezani, inatosha, mwenzie kukataa hakuzuii. Na talaka ya sheikh peke yake haifuti ile ndoa iliyoko serikalini. Basi wazee wakawa wanakaa kwenye grupu la WhatsApp wiki baada ya wiki, wanatuma voisi za dakika nane, huku kesi inatembea.

Kosa la pili: nilishahama, nalala sebuleni kwa mshkaji, anwani mahakamani sikubadilisha. Barua zote zikawa zinaenda nyumbani kwa yule yule aliyenishtaki. Nilijua nimeachika pale nilipoona mshahara umekatwa matunzo ya watoto. Watoto wawili ni asilimia 25 ya kinachobaki baada ya makato ya kodi na mengine yanayoruhusiwa (mmoja ni 20, watatu 30), na anayekata ni mwajiri, hamna cha ntatuma mwisho wa mwezi. Kuomba kesi irudiwe una siku 30 tangu hakimu asaini, mimi zilishapita, na karani dirishani anakwambia haruhusiwi kukushauri hata ukilia. Sio roho mbaya, ndo wanavyofundishwa, ila sisi tuliozoea kumwona mtu ofisini tukaelekezana tunapata tabu sana. Matunzo unaweza kuomba yaangaliwe upya hali ikibadilika. Mgawanyo wa mali sahau.

Mengine kwa kifupi. Kufungua kesi mmoja wenu awe kaishi Texas miezi sita na kwenye kaunti siku 90. Baada ya hukumu usioe mtu mwingine mpaka siku 30 zipite. Ukiletewa karatasi usaini mbele ya notari ili "mambo yaishe haraka", soma kwanza, nyingine zinafuta haki yako ya kuambiwa tarehe ya kesi.

Alafu mali. Mshahara wa ndani ya ndoa Texas ni wa wote wawili hata ukiingia akaunti yako peke yako, na kiwanja ulichonunua Bongo kwa hela hiyo kinahesabiwa, hata ukikiandikisha jina la kaka yako mwenzio ana haki ya kukiibua. Cha kurithi, cha zawadi na ulichokuja nacho kabla ya ndoa ni chako, ila wewe ndo wa kuthibitisha, na ushahidi wanaotaka ni mzito. Mimi kiwanja cha Kibaha nilirithi kwa baba, karatasi za mirathi zipo kwa mama kwenye sanduku miaka yote. Kwakuwa sikuwepo wa kuzionyesha, kikahesabiwa mali ya ndoa. Yeye akapewa nyumba, mimi nikapewa kiwanja changu mwenyewe.