Kupima kijito kilicho chini ya mgodi wa makaa ya mawe

Sisi wa Lituhi tunamjua samaki mbasa: hutoka Ziwa Nyasa, akapanda mto Ruhuhu kutaga kwenye changarawe. Vijito vya kwenye makaa ya mawe kule Mbinga humwaga maji yake Ruhuhu, ndiyo maana nataka kila kijana ajue kuvipima.

Chota maji mahali pawili siku hiyo hiyo, juu ya mgodi, maji yanakotoka, na chini yake, yanakoelekea. Mvua za kwanza ndizo za kuwahi, maana husomba kilicholala kwenye vifusi vya mgodi kiangazi kizima. Chovya karatasi ya kupimia pH, yaani kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi. Ikisoma chini ya 5, mayai ya samaki wengi hayaanguliwi.

Usidanganywe na maji maangavu! Pairaiti, madini ya chuma na salfa yaliyomo kwenye makaa, ikikutana na hewa na maji hutoa asidi, na asidi haina rangi. Geuza mawe: utando wa rangi ya kutu ni chuma, mweupe huenda ni alumini, ambayo huziba matamvua ya samaki. Tafuta pia vibuu vya wadudu vilivyong'ang'ania jiwe. Vikijaa juu ya mgodi na kukosekana chini yake, ni dalili kuwa maji yameharibika: piga picha, andika tarehe, upeleke Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa.