Kipimio cha baruti kisichoyumba: hatua ninazofuata

Kwa wenye kibali cha kujaza risasi upya nyumbani, lalamiko ni lile lile: kipimio kinatoa greini 5.0, kisha 5.2, kisha 4.9. Wengi hukilaumu kifaa. Mimi huangalia kwanza mkono unaokivuta.

Kipimio hakijui uzito. Ukivuta mpini wake, silinda iliyo chini ya tangi huchota ujazo wa baruti, kama kibaba cha unga: ukikitikisa, unga hujishindilia na uzito huongezeka, ingawa kibaba ni kile kile. Greini 1 ni takriban gramu 0.065, kwa hiyo hata mtikisiko mdogo huonekana kwenye mizani.

Hatua ya 1: Mizani kabla ya baruti. Iweke kwenye meza isiyoyumba, ilale sawa, irudi kwenye sifuri. Ya kielektroniki iwashe nusu saa kabla. Ihakiki kwa jiwe la mizani lililo karibu na kiasi unachopima. Jiwe la gramu 50 halikuambii lolote kuhusu greini 5. Zuia upepo pia. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikipambana na mizani iliyokuwa ikipanda na kushuka yenyewe, kumbe feni ya dari inazunguka juu yangu.

Hatua ya 2: Usafi. Futa mafuta ya kiwandani kwenye kipimio. Tangi la plastiki lioshe kwa maji ya sabuni, uliache likauke bila kulifuta, maana kusugua plastiki huleta umeme tuli na punje hung'ang'ania ukutani.

Hatua ya 3: Jaza tangi theluthi mbili, na mezani iwepo baruti ya aina moja tu. Usiache ishuke chini ya nusu, kwani baruti iliyo juu ndiyo inayokandamiza ya chini. Mimina vipimo 10 au 20 vya mwanzo na uvirudishe tangini, ili punje zitulie.

Hatua ya 4: Mkono. Hapa ndipo kazi ilipo. Pandisha mpini kwa mwendo ule ule, ugote juu kwa nguvu ile ile, usubiri kidogo, uushushe vivyo hivyo. Ukizoea kugonga mara moja juu, gonga kila mara. Ukiacha, acha kabisa. Simu ikiita katikati, kipimo hicho kirudishe tangini. Punje za mviringo humiminika vizuri. Za vijiti hukatwa na ukingo wa silinda, utausikia mkwaruzo mkononi. Hizo mimi humimina pungufu kidogo, kisha namalizia punje chache chache juu ya mizani.

Hatua ya 5: Kuweka kiasi. Anza na kiwango cha kuanzia kilichomo kwenye jedwali la mtengenezaji wa baruti, kamwe si cha juu kabisa. Pima vipimo 10 kimoja kimoja. Wengine huvipima vyote pamoja na kugawa kwa 10, lakini wastani huficha mengi: 4.8 na 5.2 nazo huleta 5.0.

Hatua ya 6: Ukianza kujaza maganda, pima kila la kumi. Likitoka nje ya kiasi, rudia yote tangu lile la mwisho lililokuwa sahihi. Kabla ya kuweka kichwa cha risasi, mulika tochi ndani ya maganda yote yakiwa yamesimama kwenye kibao. Ganda la bastola mara nyingi linaweza kumeza vipimo viwili bila kumwagika, na risasi kama hiyo inaweza kuipasua silaha mkononi. Ganda lisilo na kitu nalo ni hatari, kwa sababu kichwa kinaweza kukwama ndani ya mtutu.

Hatua ya 7: Rudisha baruti kwenye kopo lake la asili, kisha vuta mpini mara kadhaa hadi silinda iwe tupu. Ukikuta baruti tangini na hukumbuki ni ipi, usikisie kwa rangi wala umbo. Itupe kwa usalama.