Tundu la Ethi Liwe Juu: Namna ya Kufunga Soketi ya Ukutani

Soketi ya matundu matatu inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda, ambayo asili yake ni kiwango cha Uingereza cha BS 1363 kilichotolewa mwaka 1947, hufungwa tundu la ethi, yaani la waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja, likiwa juu. Ukiitazama kwa mbele, nyutro (waya unaorudisha umeme) huwa kushoto na moto (waya unaoleta umeme) huwa kulia.

Sababu kubwa ni plagi yenyewe. Waya wake hutokea upande wa chini, mkabala na pini ya ethi, kwa hiyo huning'inia kuelekea sakafuni bila kujikunja. Soketi ikipinduliwa, waya hutokea juu kisha hujipinda kwa uzito wake, na ukiwa ni wa pasi inayochomekwa na kuchomolewa kila siku, ganda huanza kupasuka pale pale unapoingia kwenye plagi. Swichi nayo hupinduka: iliyozoeleka kuwashwa kwa kubonyeza chini sasa huwashwa kwa kubonyeza juu, jambo baya kwa mtu anayetaka kuzima kwa haraka.

Nchini Marekani mafundi hubishana sana kuhusu upande wa tundu la ethi, kwa kuwa kanuni yao ya umeme haiamuru lolote. Kwa soketi zetu ubishi huo hauna msingi.

Wapo wanaodai kwamba soketi iliyopinduliwa hubadilisha moto na nyutro. Si kweli, kwa sababu plagi huingia kwa namna moja tu, nayo hupinduka pamoja na soketi. Kosa hilo hufanyika nyuma ya soketi: fundi anapoigeuza mkononi ili abane nyaya, kulia huwa kushoto. Kwa hiyo usifuate upande, fuata herufi zilizochapwa nyuma, yaani L kwa moto, N kwa nyutro na E kwa ethi. Moto huwa na waya wa kahawia, au mwekundu katika nyumba za zamani. Nyutro ni bluu au mweusi. Ethi ni kijani na njano. Hata hivyo rangi usiziamini kabla ya kupima, maana hujui aliyetangulia alitumia waya gani. Moto na nyutro zikibadilishana, pasi itapata joto kama kawaida, na ndiyo maana kosa hukaa miaka bila kugundulika. Lakini swichi itakuwa inakata nyutro, fyuzi ya kwenye plagi itakuwa upande usiofaa, na kifaa ulichokizima kitabaki na umeme ndani.

Kabla ya kufungua chochote, zima swichi kuu, kisha pima kwa testa ambayo umeijaribu kwanza mahali penye umeme. Menya kila waya kiasi cha kuingia wote mahali pake, shaba isionekane nje, kaza skrubu, halafu uvute waya kidogo kuhakikisha umeshika. Boksi likiwa la chuma, nalo liungwe kwenye ethi. Unaporudisha soketi, zikunje nyaya taratibu ndani ya boksi, na utumie pima maji kabla ya kukaza skrubu mbili za mbele.

Mwelekeo huamuliwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Boksi la soketi ya plagi mbili likichimbiwa wima, soketi italala ubavu na hakuna skrubu itakayoirekebisha, hivyo mkague fundi kabla hajapiga plasta. Kazi ya kuvuta nyaya mpya mwachie mwenye leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nishati, yaani EWURA kwa Tanzania, au EPRA kwa Kenya.

Umeme ukirudishwa, chomeka kipimo cha soketi chenye taa tatu kabla ya kuchomeka friji. Kikionyesha kwamba ethi haipo, zima tena swichi kuu na ufungue soketi, hata kama kila kitu kinawaka.