Skeli gani ya treni za modeli? Anza na kona, injini baadaye

Mpwa wangu alinijia na injini ya OO ya mtumba pamoja na mabehewa matatu ya HO (OO na HO ni majina ya skeli, yaani treni ya modeli ni ndogo mara ngapi kuliko ya kweli), anataka nimsaidie kupanga reli chumbani kwao hapa Lamu. Siku mbili zikaenda bure. Soma hii kabla hujatoa pesa.

Hatua ya 1: Pima meza itakayoingia. Nyumba zetu za mawe vyumba ni vyembamba, upana ulifuata urefu wa boriti za mkoko, ukitoa kitanda na njia ya kupita hubaki na kitu. Kwetu ilibaki sm 80.

Hatua ya 2: Kona. Hapa ndipo tulipoliwa. Kona kali za HO zinazouzwa kwa kawaida zina nusu kipenyo kama sm 36, basi mduara ni sm 72, na hapo unapima katikati ya reli tu, ongeza reli yenyewe na ukingo treni isidondoke sakafuni, ushafika 85. Haingii. Na hata ingeingia, behewa la abiria la kweli la mita 25, kwenye skeli ya HO ambayo ni 1:87, ni karibu sm 29, na mimi nataka nusu kipenyo walau mara mbili na nusu ya behewa refu, yaani sm 72, hapo meza yavuka mita moja na nusu! Sisi tulilazimisha kwa kutandika sakafuni, behewa la kati likawa lapinduka kila mzunguko, “Mjomba, mbona laanguka tena?”, mimi nasugua reli, nageuza magurudumu, usiku wa manane bado nalaumu reli kumbe ni kona. Sasa nafanya hivi: nachora kona sakafuni kwa chaki na uzi, nakata kadibodi ya urefu na upana wa behewa, natoboa matundu mawili pale magurudumu yanapokaa, naitembeza matundu yakifuata chaki. Pembe zikitoka nje sana, achana na behewa hilo.

Hatua ya 3: Usichanganye OO na HO. Zote zapita reli ya upana wa mm 16.5 ndiyo maana watu hudanganyika, lakini OO ni 1:76, injini yake mbele ya behewa la HO ni kama ngamia kaburura punda. OO ni mambo ya Uingereza, kwengine kote utakuta HO.

Hatua ya 4: Chukua N, skeli ndogo zaidi. Ni 1:160, upana wa reli mm 9 (ya Uingereza ni 1:148, angalia boksi). Behewa lile lile lawa sm 16, kona ya nusu kipenyo sm 33 yaingia kwenye meza yetu, si starehe lakini lapita, na mabehewa ya mizigo mafupi hayana neno. Skeli ya Z, 1:220, ndogo zaidi ya N, kwa vumbi letu hili, hapana. Ukitaka ile reli ya zamani ya Mombasa–Kisumu, yenye upana wa mita moja, hiyo kwenye 1:87 hutumia reli ya mm 12, waachie mafundi. SGR, ile reli mpya, upana wake ni mm 1435 kwa hiyo reli ya kawaida yafaa.

Hatua ya 5: Nunua reli za nikeli silva (mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki), usiguse za chuma, hewa ya chumvi itazila.