Kompyuta Imekuwa Nzito? Pitia Hatua Hizi Kabla ya Kuifomati

Kila mara naletewa kompyuta ya nyumbani ambayo mwenyewe ameshaihukumu: "Imezeeka hii, ifomati tu uweke Windows upya." Uchovu wake naujua. Mtu anabofya, anangoja, dirisha halifunguki, anabofya tena, mara yanafunguka matatu kwa mpigo. Lakini kufomati kunafuta mambo mawili kwa pamoja: mafaili yako, na dalili zote ambazo zingetuonyesha ugonjwa uko wapi. Kama mgonjwa ni diski, Windows mpya itakimbia siku chache, kisha uzito utarudi palepale, na safari hii picha zako hazipo tena.

Kwa hiyo mpangilio wangu haubadiliki. Natoa nakala kwanza, nachunguza, napunguza, na kuongeza kitu chochote ni mwisho kabisa. Programu zote nitakazozitaja hazilipiwi kwa matumizi ya nyumbani, na maelezo ni ya Windows 10 na 11.

Hatua ya 1: Toa nakala ya vitu vyako

Chomeka diski ya nje au flashi kubwa. Unaweza kunakili kwa mkono, ila mafaili yakiwa maelfu utachanganyikiwa: lipi limeshakwenda, lipi bado? Mimi hutumia FreeFileSync. Dirisha lake lina pande mbili. Kushoto weka folda ya kwenye kompyuta, kulia weka ya kwenye diski ya nje. Bofya "Compare" ikuonyeshe tofauti, zisome, kisha ubofye "Synchronize".

Kabla ya kubofya hicho cha pili, tazama aina ya ulinganishaji uliyochagua. Ikiwa ni "Mirror", programu inafanya upande wa kulia ufanane kabisa na wa kushoto, maana yake ulichokifuta kwenye kompyuta kitafutwa na kwenye nakala pia. Kwa mtu anayeanza, chagua "Update". Hiyo inaongeza vipya na kusasisha vilivyobadilika, haifuti kitu.

Ukiambiwa faili ni kubwa mno ilhali flashi ina nafasi tele, flashi hiyo imefomatiwa kwa FAT32, muundo wa zamani ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Hamisha vilivyomo, uifomati kwa muundo wa exFAT, urudie.

Na kama faili ulishalifuta tayari, hata kwenye Recycle Bin halimo, acha kuitumia kompyuta hiyo sasa hivi. Kufuta hakuondoi maandishi kwenye diski papo hapo, kunatangaza tu kwamba nafasi yake iko wazi, na chochote kipya kinaweza kuja kuikalia. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilipakua programu ya kurejesha picha nikaiweka kwenye diski ileile iliyopoteza picha. Sehemu ya picha za mteja zilifunikwa na programu niliyoileta kuziokoa, na zile hazikurudi. Tangu siku hiyo natoa diski, naiunganisha kwenye kompyuta nyingine, ndipo naipitisha kwenye PhotoRec, programu ya kurejesha mafaili yaliyofutwa, na ninachookoa nakiandika kwenye diski ya tatu. Kwenye diski za sahani (HDD, zenye sahani inayozunguka ndani) na kadi za kamera matokeo huwa mazuri. Kwenye SSD, yaani diski isiyo na sahani, matumaini ni madogo, kwa sababu SSD hujisafishia nafasi zilizofutwa yenyewe.

Hatua ya 2: Izime kwa kuiwasha upya

Ukibofya "Shut down", Windows 10 na 11 kwa kawaida hazizimiki zote. Kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili asubuhi kiamke haraka. Hivyo kompyuta unayoizima kila usiku inaweza kuwa imebeba kasoro ileile kwa majuma. "Restart" ndiyo inayoanza upya kwelikweli. Ibofye, ungoje dakika tano baada ya kuwaka, kisha upime tena.

Hatua ya 3: Tazama nani anakula nguvu

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Ikija ndogo, bofya "More details". Tazama safu za CPU (prosesa, ubongo wa kompyuta), Memory (RAM) na Disk. Usiguse kitu kwa dakika mbili, tazama tu. Ukibofya kichwa cha safu, programu inayokula zaidi itapanda juu.

Memory ikiwa imezidi asilimia 85 na kivinjari kipo juu, tabo zimekuwa nyingi au viongezi vya kivinjari vimezidi. CPU ikipaa wakati hufanyi lolote, soma jina la programu inayoipandisha. Mara nyingi ni Windows inajisasisha, nayo itamaliza ikiachwa. Disk ikiganda kwenye asilimia 100 huku kasi ikisomeka MB 1 au 2 tu kwa sekunde, nenda hatua ya 4 moja kwa moja. Diski inahangaika, lakini haitoi kitu.

Hatua ya 4: Mpime diski

Hapa ndipo nakuomba usikimbie. Pakua CrystalDiskInfo, ifungue, tazama kisanduku cha hali ya afya upande wa kushoto juu. Bluu na neno "Good" ni salama. Njano na "Caution" ni onyo. Nyekundu na "Bad" maana yake ulipaswa kuwa umeshatoa nakala.

Usiishie kwenye rangi. Kwa diski ya sahani, shuka kwenye jedwali utafute mistari mitatu: 05, C5 na C6. Mstari wa 05 unahesabu sekta (vipande vidogo vya diski vya kuhifadhia data) zilizokufa ambazo diski imezihamishia kwenye akiba yake. C5 ni sekta zinazotiliwa shaka na zinangoja hukumu, na C6 ni zile zilizoshindikana kusomeka. Tarakimu za upande wa kulia zikiwa sifuri tupu, shukuru. Zikiwa na kitu, ziandike kwenye karatasi pamoja na tarehe, kisha utazame tena baada ya siku saba. Idadi iliyosimama inaweza kukaa hivyo muda mrefu. Idadi inayopanda ni diski inayokufa, na hakuna programu wala fomati itakayoiponya.

Wengi huniuliza kama inafaa kubadilisha diski kwenye kompyuta ya zamani. Ndiyo, na sisiti kusema hivyo. Kuondoa diski ya sahani na kuweka SSD ndiyo badiliko moja linalosikika kuliko yote mengine niliyowahi kuyafanya kwenye mashine za nyumbani, hata zile zenye RAM ya GB 4. Diski ya sahani ina kichwa kinachotembea kutafuta data. SSD haina kitu kinachotembea.

Hatua ya 5: Punguza vinavyojiwasha

Rudi Task Manager, fungua sehemu ya "Startup". Bofya kulia kwenye usichokihitaji kila asubuhi, chagua "Disable". Hujakiondoa, umekizuia tu kujiamsha. Programu za mazungumzo, za michezo na za muziki zinaweza kusubiri mpaka uziite. Viache vinavyohusika na sauti, padi ya kugusa na ulinzi.

Tukiwa kwenye ulinzi: nimekuta mashine zenye programu tatu za kuzuia virusi, zinagombania kila faili linalofunguliwa. Moja inatosha, na ile ya Windows yenyewe inamtosha mtumiaji wa nyumbani anayesasisha mfumo wake. Ondoa zilizozidi kupitia Settings, Apps.

Hatua ya 6: Tafuta nafasi ilikokwenda

Mfumo unahitaji mahali pa kupumulia. Diski C ikijaa, hata kujisasisha kunashindikana. Mimi hupenda kuacha angalau asilimia 15 wazi.

Anza na Settings, System, Storage, kisha "Temporary files". Soma orodha kabla ya kubofya chochote, maana folda ya Downloads inaweza kuwa mojawapo ya vilivyopangwa kufutwa, na watu wengi wameweka vyeti vyao humo.

Kisha tumia WinDirStat. Inapitia diski nzima na kuichora kama shamba lililogawanywa vipande vya rangi, kila kipande faili moja, ukubwa wa kipande ndio ukubwa wa faili. Majuzi nilifungua kompyuta iliyosemwa "haina kitu ila barua chache". Robo ya mchoro ilikuwa kipande kimoja cha rangi moja. Nilipokibofya, jina likatokea: nakala ya simu ya zamani iliyokwisha kuuzwa, GB 58. Mwenyewe alikuwa amefuta picha za watoto moja moja ili kupata nafasi.

Kuna sheria moja hapa. Ukiwa ndani ya folda ya Windows, usifute kitu kwa mkono. Hata nje ya folda hiyo, mafaili ya mfumo kama pagefile.sys ni makubwa, lakini yana kazi yake. Jina usilolifahamu, liache.

Hatua ya 7: Weka programu chache zinazofaa

Kabla ya majina, njia ya kuyafikia. Ukitafuta programu ya bure kwenye intaneti, matokeo ya juu yanaweza kuwa tangazo la tovuti inayoiga, na kitufe kikubwa cha kijani kikawa kinapakua kitu kingine. Andika anwani ya mtengenezaji mwenyewe: videolan.org, 7-zip.org, libreoffice.org. Au tumia njia ninayoipenda zaidi: bofya kulia kwenye kitufe cha Start, fungua Terminal au PowerShell (dirisha la kuandikia amri), andika

winget install VideoLAN.VLC

kisha Enter. Windows yenyewe italeta programu, bila kukupitisha kwenye ukurasa wa matangazo. Baadaye, amri ya winget upgrade --all inasasisha zote kwa mpigo.

VLC, iliyoanza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, hufungua karibu kila video kwa sababu imebeba vifasiri vyake vya video (codec) ndani. Manukuu yakitangulia sauti, bonyeza H. Yakichelewa, bonyeza G.

7-Zip hufungua ZIP, RAR na nyinginezo. Ninaithamini zaidi kwa kufunga nyaraka: chagua aina ya 7z, weka nenosiri refu, tia alama kwenye "Encrypt file names" ili hata majina yasisomeke. Nenosiri hilo ukilipoteza, nyaraka zimekwenda.

LibreOffice inatosha kwa barua, majedwali na mawasilisho. Unapomtumia mtu atakayehariri, hifadhi kwa docx. Anayesoma tu, mpe PDF, mpangilio hautavurugika.

Hatua ya 8: Ikiwa Windows yenyewe ndiyo mzigo

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi nzima hazikubaliwi na Windows 11 kwa kukosa TPM 2.0 (chipu ya usalama) au kwa sababu prosesa yake haimo kwenye orodha. Mashine ya namna hiyo isitupwe. Ijaribu kwa Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kukaa mahali pa Windows.

Pakua faili la ISO (mfumo mzima ndani ya faili moja) kutoka linuxmint.com. Chukua flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, kwa sababu itafutwa yote. Fungua Rufus, programu ya kuandika ISO kwenye flashi, chagua flashi, chagua ISO, bofya "Start". Zima kompyuta, iwashe huku ukibonyeza F12, F9 au Esc kulingana na mtengenezaji, uchague flashi. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kuandika chochote kwenye diski yako. Jipe jioni nzima: jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, printa, funga kifuniko cha laptopu ukifungue uone kama inaamka.

Ukiridhika, kwenye skrini ya mwanzo (desktop) kuna aikoni ya kuisakinisha. Katikati ya safari utafika kwenye chaguo la "Erase disk", linaloondoa Windows na kila kilichokuwamo. Ukifika hapo simama. Chukua ile diski ya nje ya hatua ya 1, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ufungue picha kumi na nyaraka tano kutoka folda tofauti. Zikifunguka zote, rudi ubofye uendelee.